Bomba la Moshi la Chombo cha Mashine: Namna ya Kulizuia Lisipate Moto Kupita Kiasi

Huenda ukastaajabu, ndugu mkulima, kuona karatasi ya ukulima ikinena habari za mashine za vyombo. Utasema, bwana shamba kaacha jembe kaingia baharini. Lakini wewe uliyezaliwa Chwaka, au Marumbi, au Uroa, au ng'ambo ya ghuba kule Charawe, Ukongoroni na Michamvi, wajua kwamba shamba lako lina sehemu mbili. Sehemu moja iko juu ya mawe, huko maweni unakopanda muhogo, mtama na tungule katika vishimo vya udongo. Sehemu ya pili iko chini ya maji, nayo hufunikwa na kufunuliwa mara mbili kila siku. Tangu mwaka wa 1989, ulipoanza ukulima wa mwani wa kuuza huko Paje na Jambiani, hiyo sehemu ya pili imelisha nyumba nyingi za pwani ya mashariki, na zaidi kwa jasho la akina mama.

Mwani tuupandao ni wa namna mbili. Ule uitwao spinosamu huvumilia mengi, walakini bei yake ni ndogo. Ule uitwao kotonii una bei nzuri zaidi, lakini hauwezi joto. Maji ya kina kifupi yakipata moto katika siku za kaskazi, kotonii hugeuka rangi ukawa mweupe, ukalainika, ukakatika na kufa. Mkasa huu umeipata pwani yetu tangu miaka ya 2000, na dawa yake mojawapo ni kuuhamisha mwani kwenye maji ya kina kirefu yaliyo baridi zaidi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko kisiwani Unguja, imefanya majaribio ya kupanda huko kwa kutumia nyavu zilizoshonwa kama mirija mirefu, na Dk. Flower Msuya ni miongoni mwa mabingwa waliojulikana sana kwa kazi hiyo.

Sasa, kwenye kina kirefu hakuendeki kwa miguu. Tena mwani mbichi ni mzito: yataka kilo 7 au 8 za mbichi ili upate kilo 1 ya mkavu. Ngarawa na upondo wake haitoshi kwa mizigo hiyo, hasa maji yakiwa yanatoka nawe unataka kuingia. Ndiyo sababu vikundi vya wakulima wa mwani hutafuta chombo cha mashine. Na mashine ikisha kununuliwa, huwa ndiyo mali yenye thamani kuu katika kikundi kizima. Mali hiyo aghalabu haifi kwa uzee. Hufa kwa joto. Joto hilo hukaa zaidi katika njia ya moshi, mahali ambapo watu wengi hawapatazami kabisa.

Moto ulio ndani ya chuma

Mashine yoyote ya petroli au ya dizeli ni jiko lililofungwa. Mafuta huwaka ndani, na nguvu ya kuwaka kwake ndiyo izungushayo rafadha. Lakini kwa kukadiria, theluthi moja tu ya joto lile ndiyo ifanyayo kazi ya kusukuma chombo. Theluthi ya pili huchukuliwa na maji yazungukayo ndani ya chuma, na ya tatu hutoka na moshi. Moshi wa injini ya dizeli ifanyayo kazi kwa nguvu huweza kupita digrii 400 za Selsiasi pale utokapo katika injini. Ili ufahamu ukali wake, kumbuka ya kuwa maji huchemka kwa digrii 100, na mafuta ya kukaangia mandazi huwa kadiri ya digrii 180. Ubao hauhitaji kufika digrii 400 ili ushike moto; na ubao uliokaushwa na bomba la moto kwa miezi mingi hushika upesi zaidi kuliko ubao mpya. Kwa hiyo mtu asiseme, “Bomba hili limepita hapa mwaka mzima na halijachoma kitu.” Mwaka ule mzima ubao umekuwa ukitayarishwa kuwaka.

Ziko njia mbili za kuutuliza moshi huo. Njia ya kwanza ni bomba kavu: moshi hupita katika bomba la chuma, ukatoka juu kama katika dohani ya meli, na watu hulindwa kwa kulivisha bomba kitu kisichoungua. Njia hii huonekana katika mashua na madau yaliyotiwa injini ndogo za dizeli zilizo kama zile za kusagia nafaka. Njia ya pili ni bomba la maji. Pampu huvuta maji ya bahari, huyapitisha katika injini ili kuipoza, kisha maji yale yale humwagwa ndani ya bomba la moshi penye kiwiko chake. Moshi na maji huchanganyika, joto hushuka ghafula, na kutoka hapo bomba laweza kuwa la mpira mpaka tezini.

Mashine za kutundika nyuma, ambazo zimeenea duniani tangu Ole Evinrude alipoanza kuuza zake huko Marekani mwaka wa 1909, nazo hutumia njia ya pili, ila mambo yote yamefichwa ndani ya mguu wake. Maji huingia kwa matundu madogo yaliyo chini, karibu na rafadha; pampu iliyo ndani ya mguu huyapandisha juu; yakisha kupoza chuma hushuka pamoja na moshi, yakatoka chini ya maji, na katika mashine nyingi hupitia katikati ya rafadha yenyewe. Mkulima ambaye hakupata kuifungua mashine yake huenda hajui kwamba katika mguu ule mna njia ya moto iliyopakana na njia ya maji, na kati yake pana gasketi nyembamba na ukuta wa chuma chepesi tu.

Basi waona kwamba usalama wa bomba la moshi wategemea maji. Maji yakipungua, chuma huanza kupata moto. Yakikatika kabisa, bomba la mpira huungua kwa muda mfupi sana, gasketi huungua, rangi hubabuka, na mwisho wake pistoni hukwama.

Kwa nini Chwaka hasa

Mtu wa mjini atatuambia kwamba mashine ni mashine, kama iko Malindi au iko Chwaka. Si hivyo. Ghuba yetu ni pana lakini ni ya kina kifupi. Maji ya bamvua hupanda na kushuka kadiri ya mita 4, na yanapokupwa sehemu kubwa ya ghuba hubaki mchanga na matope. Chini mna mabustani makubwa ya majani ya bahari. Majani hayo hukatika, huelea makundi kwa makundi, hasa pepo zikivuma kwa nguvu. Upande wa kusini mna mikoko, nayo huleta matope laini na majani yake. Tena sisi wenyewe tumeongeza takataka yetu: zile kamba ndogo za taitai tufungiazo mwani, zikikatika huachwa zikachukuliwa na maji. Taitai moja haina nguvu, lakini ikijipanga pamoja na majani juu ya matundu ya mashine huyaziba barabara kama kifuniko.

Mchanga nao ni adui wa namna nyingine. Hauzibi upesi, bali husaga. Ndani ya pampu mna gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, mafundi huliita impela. Mabawa yake hulala kwa kujipinda katika nyumba yake, na maji ndiyo mafuta yake ya kuyalainisha. Ukiendesha mashine mguu ukiwa umegusa chini, impela hula mchanga, nyumba yake hupata mikwaruzo, na tangu siku ile pampu huleta maji pungufu. Wala hutaliona hilo siku hiyo. Utaliona siku utakapobeba magunia ishirini ya mwani mbichi kinyume cha maji.

Wengine husingizia joto la bahari, wakisema maji ya kaskazi ni ya moto kwa hiyo hayapozi. Mimi sikubali. Maji ya digrii 30 na maji ya digrii 25 ni mbali kwa mwani, lakini kwa chuma chenye moto wa mamia ya digrii tofauti hiyo ni ndogo mno. Mashine inayoshindwa katika kaskazi ilikuwa imekwisha kuugua katika kusi.

Kutazama na kusikiliza

Kila mashine ya kutundika ina tundu dogo ubavuni au nyuma, ambalo hutoa mshirizi wa maji wakati inapofanya kazi. Mshirizi huo umewekwa ili utazamwe. Ukisha kuwasha, kabla hujafungua kamba ya chombo, geuka uutazame. Ukiwa hautoki, zima. Ukitoka kwa nguvu, weka mkono: maji yawe ya uvuguvugu unaovumilika. Yakikuchoma, au yakitoka pamoja na mvuke, au mshirizi ukiwa dhaifu na wa kukatika-katika, kuna jambo.

Hata hivyo, jihadhari na hoja mbili. Kwanza, tundu lenyewe huweza kuzibwa na mchanga au mdudu aliyejenga nyumba yake humo, ikawa maji yazunguka vema ndani lakini hayaonekani nje. Chukua waya laini ulizibue, kisha utazame tena. Pili, na hii ni kubwa zaidi, mshirizi hukuhakikishia kwamba pampu yavuta maji. Hauhakikishi kwamba maji yamefika kila mahali. Katika mashine nyingi maji ya mshirizi hutolewa pembeni kabla hayajamaliza safari yake. Njia za karibu na moshi huweza kuwa zimejaa chumvi iliyoganda, na mshirizi ukaendelea kukuchekea. Kwa hiyo siku moja moja, baada ya safari, zima mashine, ondoa kifuniko, na usogeze kiganja karibu na kichwa cha mashine na penye njia ya moshi, bila ya kugusa. Ukiona sehemu moja yatoa joto kali kuliko nyenzake, au rangi imegeuka ya kahawia na kuchubuka, mwite fundi kabla ya safari nyingine.

Katika injini ya ndani yenye bomba la maji, sikio hufanya kazi kuliko jicho. Bomba lenye maji ya kutosha hutoa sauti nzito yenye majimaji, na tezini utaona maji yakirushwa kwa pumzi. Maji yakipungua, sauti hukauka na kuwa kali, moshi huwa na mvuke mweupe mwingi, na baadaye huja harufu ya mpira. Nahodha aliyezoea chombo chake hulisikia badiliko hili akiwa na mgongo wake huko. Mfundishe na kijana ashikaye kamba alijue.

Mashine ikipata moto baharini

Jambo la kwanza ni kupunguza mwendo mara moja. Ukiwa na nafasi, zima. Lakini fikiri mahali ulipo. Ukiwa ndani ya ghuba, tia nanga na utulie. Ukiwa karibu na mlango wa mwamba au nje yake, nanga itangulie kabla ya kuzima ikiwa chini panafikika, kwani nje ya mwamba mkondo wa bahari yetu hukimbilia kaskazini mwaka mzima, na kusi ikivuma chombo kisicho na nguvu huchukuliwa kwa haraka kuelekea Pongwe, Kiwengwa na mbele yake. Akina mama wengi wa mwani hawajui kuogelea. Chombo cha mashine kisiondoke pwani bila ya nanga, kamba ya kutosha, makasia mawili au tanga dogo, na jaketi la kuokolea kwa kila mtu.

Ukisha kuzima, usimwage maji baridi juu ya chuma chenye moto. Twaona watu wakifanya hivyo kwa huruma, kama mtu ampoozaye mgonjwa wa homa. Na chuma hupasuka. Kiache kipoe chenyewe. Katika injini yenye tangi la maji matamu usifungue kifuniko chake hali imechemka, maana maji yatakurukia usoni. Tumia muda huo kutafuta sababu: inua mguu wa mashine, ondoa majani na taitai katika matundu, tazama kama rafadha imeviringwa na kamba. Kwa injini ya ndani, funga kizibo cha maji ya bahari, fungua chujio, ulisafishe, kisha urudishe na kufungua tena. Tazama na ngama pia. Mpira wa moshi uliopasuka humwaga maji ya pampu ndani ya chombo badala ya nje, na vyombo vimezama kwa kujazwa na pampu yao wenyewe.

Mpira uliopasuka humwaga na kitu kingine kisichoonekana. Moshi wa mashine una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Chini ya sitaha au chini ya turubai huweza kukusanyika, na mtu akaumwa kichwa, akasikia kichefuchefu na usingizi, akadhani ni bahari inamchafua. Mtu wa namna hiyo mtoeni kwenye upepo upesi, mzime injini, na mumfikishe hospitali.

Mashine ikisha kupoa, ukiwasha na mshirizi ukarudi, nenda pole pole mpaka pwani. Safari ya kazi usiendelee nayo. Impela iliyozunguka kavu hata kwa dakika chache huwa imeumia, na yafaa itolewe itazamwe. Ikiwa bawa limekatika, hesabu vipande. Kama impela ilikuwa na mabawa sita nawe wapata manne, basi mawili yamepanda juu katika njia za maji, nayo yatakaa huko kama mawe katika mfereji. Fundi avitafute mpaka avipate. Kutia impela mpya na kuacha vipande vya zamani ndani ni kazi ya nusu, na siku chache baadaye utakuwa ukiilaumu impela mpya.

Chumvi na maji matamu

Hapa nataka kukawia kidogo, kwa sababu ndipo mashine nyingi zinapoharibiwa polepole bila ya mtu kuona lolote.

Maji ya bahari yakipashwa moto kupita digrii 60 hivi, chokaa iliyomo huanza kugandamana na chuma. Ndiyo sababu mashine zipozwazo na maji ya bahari hutengenezwa zifanye kazi kwa joto dogo kuliko injini za gari. Lakini ukizima mashine ghafula baada ya mwendo mkali, maji yaliyobaki ndani hupashwa na chuma, hukauka, yakaacha chumvi. Leo utando, kesho utando, mpaka njia iliyopitisha kidole yapitisha kijiti. Basi ukifika pwani, iache mashine iende taratibu kwa dakika mbili tatu kabla ya kuzima. Kisha isafishe kwa maji matamu.

Najua utaniambia maji matamu Chwaka si ya kuchezewa. Ni kweli, visima vingi vya maweni vina maji ya chumvichumvi. Lakini maji ya kisima yenye chumvi kidogo bado ni bora mara nyingi kuliko ya bahari, na maji ya mvua yaliyokingwa katika birika ni bora zaidi ya yote. Chukua pipa lililokatwa, tundika mashine ubaoni, jaza maji mpaka yapite matundu ya kuvutia, ondoa gia, kisha uiwashe taratibu kwa dakika 5 mpaka 10. Maji ya pipa moja yaweza kusafisha mashine mbili, ya pili ikipata maji yaliyopungua utamu, nayo si neno. Msipoweza kila siku, basi isikose mara moja kwa juma, na isikose kabisa kabla ya kuiweka mashine kwa muda mrefu. Pipa lisiwe ndani ya banda, kwa sababu ya ile hewa ya sumu niliyokwisha kuitaja.

Na iko desturi moja ambayo ningependa iishe: kuwasha mashine nchi kavu, bila ya maji, “ili tuisikie tu.” Mnunuzi huisikia, muuzaji huisikia, watoto hufurahi, na impela hukatwa roho yake. Msiiwashe isipokuwa ndani ya maji.

Chumvi ikiwa imekwisha kugandamana, siki huweza kuilainisha, maana chokaa huyeyushwa na uchachu. Lakini hiyo ni kazi ya fundi aliyeifungua mashine, na maji matamu mengi yafuate nyuma yake. Usisukume waya wa chuma katika njia za maji kwa nguvu. Chuma cha mashine hizi ni alumini, ni laini, utatoboa ukuta kati ya maji na moshi. Vipande vya zinki vilivyofungwa mguuni visipakwe rangi. Kazi yake ni kuliwa na bahari badala ya mashine, na vikisha kuliwa nusu vibadilishwe. Nimeona mashine iliyopakwa rangi nzuri mguu mzima, zinki na vyote, ikipendeza kama bibi harusi, na ndani ya mwaka mguu umetoboka.

Liko na jambo la thamostati, kile kidude kizuiacho maji yasipite haraka mpaka chuma kipate uvuguvugu. Baadhi ya mafundi hukitoa, wakisema ni kukinga joto. Kikiwa kibovu, kitolewe na kipya kitiwe. Kukitoa bila ya kurudisha huifanya mashine ya petroli kufanya kazi baridi mno. Mafuta hayaungui sawasawa, masizi na oili hujaa katika njia ya moshi, na njia iliyosongwa na masizi huzuia moshi usitoke, ndipo joto lile lile ulilolikimbia likarudi kwa mlango wa nyuma. Kadhalika katika kuchanganya oili: fuata kitabu cha mashine yako. Mashine nyingi za kuchanganya huagiza petroli sehemu 50 kwa oili sehemu 1, yaani mililita 400 katika lita 20. Anayezidisha hujaza masizi; anayepunguza huua pistoni.

Bomba kavu na chombo kilicholala mchangani

Wenye injini ndogo za dizeli zenye bomba kavu wasijione wamesalimika. Bomba lisigusane na ubao popote. Acha nafasi ya shubiri moja pande zote, na linapopita katika sitaha au ukuta, weka bamba la chuma lenye tundu kubwa kuliko bomba, hewa ipite. Livishwe kitambaa cha nyuzi za kioo kitengenezwacho kwa kazi hii, kikafungwa kwa waya. Gunia, makumbi na usumba visitumike. Hunyonya oili, kisha huwa utambi. Ukikuta bomba la zamani limevishwa asbesto, usilikate wala kulikwangua, maana vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Madumu ya mafuta yakae upande mwingine wa chombo, na magunia, majamvi na tanga visilazwe juu ya bomba hata injini ikiwa imezimwa punde hivi. Moshi mweusi mzito ni alama ya injini iliyolemewa, na injini iliyolemewa hutoa moshi wenye moto zaidi. Punguza mzigo, au rudi mara mbili.

Wenye bomba la maji wana hatari nyingine, nayo huja chombo kikiwa kimelala. Vyombo vyetu huachwa juu ya mchanga maji yanapokupwa. Ikiwa tezi imeelekea baharini na imelala chini, maji ya bamvua yakijaa huingia katika bomba la moshi kabla chombo hakijaelea, yakapanda hadi ndani ya injini. Maji hayashindiliki kama hewa. Siku ya pili ukiwasha, fimbo ya pistoni hupinda. Bomba liinuliwe kwa kupindwa kama shingo ya bata kabla ya kushuka tezini, na ukiacha chombo mchangani litiwe kizibo cha mti. Kizibo hicho kifungwe kwa kamba, na mwisho wa kamba ufungwe penye mpini wa kuwashia injini, ili asiwepo wa kuwasha akakisahau. Tena, injini ikikataa kuwaka, usiizungushe mara nyingi hali kizibo cha maji ya bahari ki wazi. Pampu hujaza maji katika bomba, na moshi haupo wa kuyasukuma nje. Kifunge, iwashe, kisha kifungue papo hapo ikisha kuwaka.

Lililobaki ni la kikundi chenyewe. Chombo cha watu ishirini chataka mtu mmoja wa kuulizwa, mwanamke au mwanamume, awe na daftari ya kuandika siku ya kusafisha, siku ya kubadili impela na siku ya kutazama zinki. Impela ibadilishwe kila mwaka hata ikionekana nzima, na kwa vyombo vya ndani ya ghuba, penye mchanga, mapema zaidi. Nunueni mbili kwa wakati mmoja, kwa kuitaja namba ya mashine yenu dukani. Ile ya akiba itiwe katika kopo lenye kifuniko, mbali na jua na petroli visiikaushe mpira wake, pamoja na gasketi yake na spana ya kuifungulia, na kopo hilo likae chomboni, si nyumbani.